Siku ya Kuzaliwa katika Historia ya Wachekeshaji wa Televisheni ya Marekani

Miongoni mwa desturi za michezo ya kuchekesha ya televisheni nchini Marekani iko moja ambayo kwa nje huonekana ndogo, nayo ni desturi ya kumtaja msanii na kumsifu katika siku aliyozaliwa. Tarehe ifikapo, magazeti huandika habari zake, vituo vya televisheni huonyesha tena michezo yake ya kale, wenzake humpelekea salamu, na mji wa kwao humfanyia sherehe. Akiwa amekwisha kufa, miaka yake huendelea kuhesabiwa vile vile. Desturi hii imezipa barabara majina, imetoa stempu, imesimamisha sanamu, na katika mji mmoja imesaidia kuzaa hifadhi ya nyaraka. Kwa hiyo yafaa ichunguzwe kama zichunguzwavyo njia nyingine za kutunza habari za watu, ili ijulikane inahifadhi nini, inapotosha nini, na inamsahau nani.

Asili ya nguvu yake katika televisheni haiko mbali. Mchekeshaji wa jukwaani alizeeka mbele ya watazamaji wake, na mchezo wake ulikwisha usiku ule ule alioucheza. Hali ilibadilika michezo ilipoanza kupigwa katika filamu. I Love Lucy, ulioanza kuonyeshwa na shirika la CBS tarehe 15 Oktoba, 1951, ulipigwa kwa kamera tatu mbele ya hadhira iliyoketi ukumbini, chini ya uangalizi wa mpiga picha Karl Freund, na filamu zake zikahifadhiwa. Wakati ule michezo mingi ilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na sehemu za mbali zilipata nakala hafifu zilizopigwa kutoka katika kioo chenyewe. Filamu safi iliweza kurudiwa miaka nenda, miaka rudi. Matokeo yake ni kwamba Lucille Ball, aliyekuwa na umri wa miaka 40 mchezo ulipoanza, angali na miaka 40 kila mchezo ule unapoonyeshwa. Filamu haihesabu miaka. Siku ya kuzaliwa huihesabu. Baina ya hesabu hizo mbili ndipo salamu za kila mwaka zilipopata kazi yake.

Umri uliogeuzwa kuwa mchezo

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba wachekeshaji wenyewe hawakuichukua tarehe ya kuzaliwa kuwa ni ukweli wa daftari tu. Waliifanya kuwa sehemu ya sanaa yao. Jack Benny alizaliwa Chicago tarehe 14 Februari, 1894, akalelewa Waukegan katika jimbo la Illinois. Katika redio, kisha katika televisheni ambako alikuwa na mchezo wake tangu 1950 hadi 1965, alijifanya bahili, mpiga fidla asiyejua kupiga, na mtu ambaye umri wake hauvuki miaka 39. Tarehe yake ilipokaribia, watazamaji walilijua jibu kabla ya swali kuulizwa. Februari, 1958, alipokuwa kwa hakika akitimiza miaka 64, CBS ilimfanyia sherehe katika mfululizo wa Shower of Stars, eti kwa kutimiza miaka 40. Mzaha huu uliafikiana barabara na tabia aliyoigiza, kwa maana bahili asiyetaka kutoa senti hakutaka kutoa hata mwaka mmoja. Mji wa Waukegan uliuelewa vyema: shule iliyopewa jina la Benny huziita timu zake za michezo kwa hesabu ile ile ya 39, ingawa mwenyewe hakumaliza masomo ya sekondari.

Habari za Gracie Allen zina uzito mwingine. Yeye na mumewe George Burns walikuwa na mchezo wao katika CBS tangu 1950 hadi 1958. Kila mtu alijua kwamba alizaliwa San Francisco tarehe 26 Julai, ila mwaka haukujulikana, na yasemekana hata mumewe hakuwa na hakika nao. Allen alidai kwamba hati za kuzaliwa kwake ziliteketea katika tetemeko la nchi lililouangamiza mji ule mwaka 1906. Alipokumbushwa kwamba tetemeko lilitokea mwezi wa Aprili, na kwamba yeye alikuwa akijitaja kuwa amezaliwa Julai ya mwaka huo huo, inasimuliwa kuwa alijibu kwamba tetemeko lenyewe lilikuwa kubwa mno. Ni jibu la mwanamke yule yule aliyeigizwa katika mchezo, ambaye mantiki yake ilikuwa na njia zake. Walakini daftari za sensa ya Juni, 1900 zilisalimika, na humo ameandikwa mtoto wa miaka minne, aliyezaliwa Julai, 1895.

Tofauti ya watu hawa wawili si ndogo. Umri wa Benny ulifichwa ili ufichwaji wenyewe uonekane na kuchekwa. Mwanamke wa kazi ile alikuwa na sababu nyingine, kwani ujana ulihesabiwa kuwa sehemu ya riziki yake. Lucille Ball alipoolewa na Desi Arnaz mwaka 1940, alikuwa amemzidi mumewe takriban miaka sita, maana yeye alizaliwa tarehe 6 Agosti, 1911, na Arnaz tarehe 2 Machi, 1917. Wawili hao waliigawanya tofauti ile katikati, kila mmoja akadai kuwa amezaliwa 1914. Kadhalika Ball kwa muda mrefu alijieleza kuwa ni mzaliwa wa Butte, Montana, ambako kulionekana kuwa na mvuto kuliko Jamestown, mji wa viwanda magharibi ya jimbo la New York, alikozaliwa hasa. Basi atakayezipokea tarehe zinazotajwa katika salamu bila kuzipima, huenda akahifadhi maigizo akidhani anahifadhi historia.

George Burns, kwa upande wake, aliufanya uzee kuwa kazi mpya. Allen alikufa mwaka 1964, naye akaishi zaidi ya miaka 30 baadaye, akichekesha watu kwa habari za umri wake mwenyewe. Alipotimiza miaka 90, Januari, 1986, mji wa Los Angeles uliibadili sehemu ya barabara moja ukaipa jina lake, japo kanuni za mji zilikataza barabara kuitwa kwa jina la mtu aliye hai. Alipotimiza miaka 99, mwaka 1995, sehemu ya barabara inayokutana na hiyo ilipewa jina la Gracie Allen. Hivyo zawadi mbili za siku ya kuzaliwa zimewakutanisha mume na mke katika pembe ya barabara, naye alikuwa hai kuiona. Alikufa tarehe 9 Machi, 1996, majuma saba baada ya kutimiza miaka 100.

Kuzaliwa mbele ya watazamaji

Ikiwa umri uliweza kugeuzwa kuwa mchezo, kuzaliwa kwenyewe nako kuligeuzwa vivyo hivyo. Ball alipochukua mimba mwaka 1952, Arnaz na Jess Oppenheimer, mtayarishaji wa I Love Lucy, waliazimia kuiingiza mimba ile katika mchezo. Shirika na wadhamini wake, kampuni ya sigara ya Philip Morris, walisita. Mwisho ruhusa ilipatikana kwa masharti. Kasisi, mchungaji na rabi walipewa miswada waikague, na neno la kawaida la Kiingereza la kutaja mimba likaepukwa, likatumiwa jingine lenye maana ya kutarajia. Msomaji wa Kiswahili hatalistaajabia jambo hilo, kwa kuwa lugha yake nayo hupenda kusema mja mzito mahali ambapo kuitaja mimba waziwazi kungesikika kuwa kukavu.

Jumatatu tarehe 19 Januari, 1953, Ball alijifungua mtoto wa kiume kwa kupasuliwa, siku iliyokuwa imepangwa na daktari wake. Jioni ile ile watu wapatao milioni 44 walitazama mchezo ambao ndani yake Lucy Ricardo naye alijifungua mtoto wa kiume. Kesho yake Dwight Eisenhower aliapishwa kuwa Rais, akatazamwa na watu wapatao milioni 29. Jarida la TV Guide lilipotoa toleo lake la kwanza la nchi nzima, tarehe 3 Aprili, 1953, picha iliyowekwa juu ya jalada ilikuwa ya mtoto yule. Watu wengi waliamini kwamba Desi Arnaz mdogo na mtoto wa katika mchezo ni mmoja, hali mtoto wa mchezo aliigizwa na wengine.

Lakini mchezo ule ulikuwa umekwisha kupigwa picha tangu Novemba ya mwaka uliotangulia, wakati ambapo hakuna aliyejua kama Ball atazaa mtoto wa kiume au wa kike. Mtoto wa mchezo alikuwa wa kiume kwa sababu watu walioketi chumbani na mashine ya chapa waliamua awe hivyo. Tarehe ambayo nchi nzima iliipokea kuwa ni ya Lucille Ball na mwanawe, ilikuwa pia ni kazi ya waandishi. Hapo ndipo desturi ya salamu inapoonyesha upungufu wake ulio mkubwa.

Mikono isiyoonekana

I Love Lucy ulitungwa na Oppenheimer pamoja na Madelyn Pugh na Bob Carroll mdogo. Watatu hao walikuwa wamekwisha kumwandikia Ball mchezo wa redio ulioitwa My Favorite Husband, na tabia nyingi za Lucy zilianzia huko. Kwa miaka minne ya kwanza ya mchezo wa televisheni wao ndio walioandika karibu kila neno. Mwaka 1955 wakaongezwa Bob Schiller na Bob Weiskopf. Kabla mchezo haujakwisha, Mei, 1957, ulikuwa na sehemu 180.

Wengi husema kwamba Ball alichekesha kwa mwili wake, na ni kweli; ila mwili ule ulifuata maandishi. Vitendo vyote vya sehemu zilizo maarufu, kama ile ya kiwanda cha chakuleti mwaka 1952, vilielezwa katika mswada hatua kwa hatua. Pugh alikuwa akivijaribu vitendo vya hatari au vya ajabu yeye mwenyewe, ili ajue kama mwanamke aweza kuvifanya, kisha ndipo alipovikabidhi kwa Ball. Kwa hiyo nyuma ya mwanamke aliyetazamwa na mamilioni alikuwako mwanamke mwingine aliyekwisha kuanguka na kuinuka kabla yake, bila hadhira na bila makofi. Pugh alizaliwa Indianapolis tarehe 15 Machi, 1921, akasoma uandishi wa magazeti katika Chuo Kikuu cha Indiana. Ushirika wake na Carroll uliendelea zaidi ya miaka 50. Carroll alikufa Januari, 2007, na Pugh akamfuata Aprili, 2011, miezi michache kabla Marekani haijaadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Ball.

Ball hakuwanyima haki yao. Mara nyingi alisema hadharani kwamba bila ya waandishi wake asingefika popote. Upungufu uko katika desturi yenyewe, ambayo hutafuta sura. Salamu ya siku ya kuzaliwa hutaka picha ambayo mtu akiiona atamkumbuka mwenyewe papo hapo, na mwandishi hana picha ya namna hiyo. Mfano wa Carl Reiner waithibitisha hoja hii. Reiner, aliyezaliwa New York tarehe 20 Machi, 1922, aliutunga The Dick Van Dyke Show kutokana na maisha yake mwenyewe ya kuandika na kuigiza katika michezo ya Sid Caesar. Mashujaa wa mchezo huo, ulioonyeshwa tangu 1961 hadi 1966, ni waandishi watatu wa vichekesho vya televisheni, na mmoja wao ni mwanamke. Waandishi waliletwa mbele ya kioo, lakini ilibidi waletwe kwa sura za waigizaji. Jaribio la kwanza, ambalo Reiner mwenyewe aliigiza nafasi ya mwandishi mkuu, halikukubaliwa. Mchezo ulishika njia nafasi ile ilipopewa Dick Van Dyke.

Yapo pia mambo yanayoonyesha kwamba hali hii si sheria isiyovunjika. Norman Lear, mtayarishaji wa All in the Family, hakuwa mwigizaji wa kutazamwa kila juma, walakini alipotimiza miaka 100, tarehe 27 Julai, 1922 ikiwa ndiyo ya kuzaliwa kwake, shirika la ABC lilimwandalia mchezo maalumu wa kumsifu uliorushwa Septemba, 2022. Aliishi hadi Desemba, 2023. Heshima hiyo ilimfikia kwa sababu jina lake lilikuwa limejulikana kwa mabishano yaliyozushwa na michezo yake, na kwa sababu aliishi miaka mingi kuliko wenzake. Oppenheimer aliyekufa Desemba, 1988, akiwa na miaka 75, hakuipata nafasi hiyo.

Salamu na mauti

Mauti nayo huigusa desturi hii kwa namna zisizotarajiwa. Ball alikuwa rafiki wa Carol Burnett tangu mwaka 1959, alipokwenda kumtazama katika mchezo wa jukwaani mjini New York. Burnett, ambaye baadaye aliendesha mchezo wake katika CBS tangu 1967 hadi 1978, alizaliwa tarehe 26 Aprili, 1933, na kila mwaka tarehe hiyo Ball alimpelekea maua. Asubuhi ya tarehe 26 Aprili, 1989, Ball alikufa. Burnett amesimulia mara nyingi kwamba alasiri ya siku ile maua yalifika nyumbani kwake kama kawaida, pamoja na salamu fupi za pongezi kutoka kwa mtu aliyekuwa amekwisha kufariki. Tangu hapo tarehe moja inabeba mawili, wala hapana awezaye kuyatenga.

Mambo yalikwenda kinyume kwa Betty White, aliyezaliwa Oak Park, Illinois, tarehe 17 Januari, 1922. White alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika pia utayarishaji, katika mchezo wa Life with Elizabeth uliorushwa tangu 1952 hadi 1955, kisha akajulikana kwa vizazi vingine katika The Mary Tyler Moore Show na The Golden Girls. Mwisho wa mwaka 2021 matayarisho ya miaka yake 100 yalikuwa tayari. Jarida la People lilikuwa limekwisha kutoa jalada la pongezi, na filamu ya sherehe ilikuwa imepangiwa siku ya kuonyeshwa. Alikufa tarehe 31 Desemba, 2021, siku 17 kabla ya tarehe yenyewe. Sherehe haikufutwa. Filamu ilionyeshwa siku ile ile iliyopangwa, na watu wengi walitoa fedha kwa makao ya wanyama waliokosa wenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya hisani aliyoipenda maisha yake yote. Siku ya kuzaliwa iliendelea bila ya mzaliwa.

Katika jambo hili Kiswahili kina la kufundisha. Kwa Kiswahili aliye hai husemwa kuwa ametimiza miaka 100. Aliyekufa kabla ya kutimiza, akisemwa kuwa angetimiza au angalitimiza, hufungwa katika sharti lisilotimia, na salamu hugeuka kuwa masikitiko. Lakini ipo njia ya tatu, nayo ni kusema kwamba imetimia miaka 100 tangu azaliwe. Hapo kinachotimia ni miaka, na marehemu huachwa apumzike. Pwani ya Afrika ya Mashariki imezitenga kumbukumbu hizi kwa majina. Neno maulidi, lenye asili ya Kiarabu ya kuzaliwa, limehusishwa hasa na kuzaliwa kwa Mtume, na marehemu wa kawaida husomewa hitima, ambayo hufuata kifo chake. Desturi ya Marekani humkumbuka marehemu kwa tarehe ya kuja kwake duniani, na huenda sababu yake ni ile filamu ambayo ndani yake hajafa.

Jamestown

Mji ambao Ball hakuutaja hapo awali kuwa ni kwao ndio uliomfanyia sherehe nyingi. Kila mwaka, mapema mwezi wa Agosti, Jamestown huandaa tamasha la vichekesho kwa kumkumbuka. Idara ya posta ya Marekani ilitoa stempu yake tarehe 6 Agosti, 2001. Katika kijiji jirani cha Celoron, alikokulia, sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2009, ikiwa imeshika chupa na kijiko kama katika mchezo wake mmoja uliopendwa sana. Watu wakailalamikia kwamba haifanani naye, hata tarehe 6 Agosti, 2016, siku ambayo ilitimia miaka 105 tangu azaliwe, ikazinduliwa nyingine iliyochongwa na Carolyn Palmer. Sanamu ya kwanza haikutupwa. Zote mbili zimebaki huko, moja ikifanana na mwenyewe na nyingine ikichekesha.

Lililo kubwa zaidi lilitokea Agosti, 2018, ilipofunguliwa huko Jamestown nyumba ya makumbusho iitwayo National Comedy Center, kwa kufuata wazo lililohusishwa na Ball mwenyewe kwamba mji wa kwao uadhimishe vichekesho vyote kama sanaa, si yeye peke yake. Humo zimewekwa karatasi za wachekeshaji pamoja na mavazi na picha zao, yakiwamo maandishi ya George Carlin. Katika nyumba ya namna hiyo mswada huonwa kuwa na thamani sawa na sura. Sherehe iliyoanza kwa mwanamke mmoja na tarehe yake imeishia kuwapatia wasioonekana mahali pa kuonekana.

Kwa muhtasari, salamu za siku ya kuzaliwa zimehifadhi mapenzi ya watazamaji, na mapenzi hayo ni sehemu ya historia ya televisheni ambayo mikataba na hesabu za watazamaji haziwezi kuieleza. Lakini zimehifadhi pia tarehe zilizotungwa, na zimewapa waigizaji sifa za kazi ambayo nusu yake iliandikwa na wengine. Anayezitumia yampasa azisome pamoja na daftari za sensa kwa upande mmoja, na miswada kwa upande mwingine. Tarehe 6 Agosti inajulikana na wengi. Tarehe 15 Machi, aliyozaliwa Madelyn Pugh, haijulikani hivyo, na hali kila kicheko kinachotolewa leo katika kiwanda kile cha chakuleti ni chake pia.